Kipima Unyonyaji: Maoni juu ya Istilahi za Vifaa vya Kupimia Maziwa Anayonyonya Mtoto

Miongoni mwa kazi zilizofikishwa mezani kwetu katika miezi ya karibuni ni tafsiri ya kijitabu kinachoeleza vifaa vidogo ambavyo huwekwa mwilini mwa mama anayenyonyesha, au mwilini mwa mtoto wake, ili ijulikane mtoto amepata maziwa kiasi gani. Kijitabu hicho kilikusudiwa kwa mafunzo ya wauguzi, na baadaye kisomwe na akina mama wenyewe. Waliokituma, ambao hatuna haja ya kuwataja, hawakuomba maoni. Waliomba tukithibitishe tu. Tulipokisoma mara ya kwanza tuliona kwamba upatanisho wa kisarufi haukukosewa, tahajia ni nzuri, na sentensi zake zasomeka vizuri kuliko zile za kazi nyingi tuzipokeazo. Tulikaribia kukipitisha. Kilichotuzuia ni jina lililopigwa chapa kwenye jalada kwa herufi kubwa: KIPIMA UNYONYAJI.

Si desturi yetu kukosoa hadharani tafsiri ambayo bado haijachapishwa. Tumefanya hivyo safari hii kwa sababu makosa yaliyomo si ya mfasiri huyu peke yake. Ni makosa ya njia ambayo wengi wetu twaifuata, na sisi watumishi wa istilahi tu wa kwanza kuifuata: kulichukua neno la kigeni, kulikata vipande, na kukivika kila kipande kiambishi cha Kiswahili, bila kwanza kukitazama kitu chenyewe kinafanya nini, wala kujiuliza ni nani atakayelitamka jina hilo na mbele ya nani.

Hatuna budi basi kuanza na kitu chenyewe. Kijitabu kinataja vifaa vya aina tatu, na vyote vitatu kinaviita kwa jina moja. Aina ya kwanza husikiliza. Kampuni ya Momsense ya Israel ilibuni kifaa kidogo kinachowekwa chini ya taya la mtoto. Husikia sauti ya kumeza, na programu iliyomo katika simu huigeuza sauti hiyo kuwa makisio ya maziwa. Aina ya pili hupima mtiririko. Kampuni ya Coroflo ya Ireland imebuni kifuniko chembamba cha silikoni kinachovishwa chuchu, na maziwa hupita katika chombo kidogo cha kupimia kabla ya kufika kinywani mwa mtoto. Aina ya tatu haimgusi mtoto kabisa. Mwezi Mei 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern huko Marekani, pamoja na madaktari wa hospitali ya watoto ya Lurie mjini Chicago, walitangaza kifaa kinachobandikwa kwenye ziwa la mama na kupitisha umeme hafifu mno usiohisiwa. Maziwa hupitisha umeme vizuri. Yanapopungua katika ziwa, ukinzani wa umeme hubadilika, na badiliko hilo hukokotolewa kuwa mililita. Walikijaribu kwa akina mama 12.

Twaona kwamba hapa mna mambo matatu yaliyo mbalimbali. Kifaa kimoja chajua kilichomezwa, kingine chajua kilichopita, na cha tatu chajua kilichotoka mahali pake. Maziwa yaweza kutoka yasimezwe. Mama yeyote aliyewahi kulowesha kanga yake analijua hilo. Jina moja kwa vifaa vyote vitatu laficha jambo ambalo muuguzi analihitaji kuliko yote.

Hata hivyo hatukutaka kutoa hukumu kutoka mezani. Tulikuwa na safari ya kikazi kwenda Mbeya, nasi tukaona yafaa tushuke Igawa. Wasafiri wa barabara kuu iendayo Zambia waijua Igawa kama mahali pa kupita, na wahandisi waijua kama mwisho wa kipande kimoja cha barabara na mwanzo wa kingine. Kwa kazi yetu Igawa ina sifa nyingine. Iko katika Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya, lakini jirani yake ni Njombe, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa ndani ya Mkoa wa Iringa. Kisangu, Kibena, Kihehe na Kinyakyusa vyote husikika hapo, na mashamba ya mpunga ya Usangu yamewavuta wengine wengi kutoka mbali. Kiswahili si lugha ya kwanza ya wengi wao, nacho ni lugha ya wote. Neno likieleweka kwa mama wa Kisangu na kwa jirani yake wa Kibena wanapozungumza pamoja juu ya mtoto, neno hilo litasafiri. Likiwakwaza, hatuoni litafika wapi.

Tulikaribishwa katika ua wa nyumba moja, tukakaa na akina mama 9, wengi wao wakiwa na watoto mgongoni au kifuani, pamoja na bibi wawili waliokuja kutazama wageni ni akina nani. Tuliwasomea kijitabu aya kwa aya, kisha tukamwomba mmoja wao aeleze kwa maneno yake alichosikia. Njia hii ni nyepesi, haina gharama, nasi twakiri kwamba hatuitumii vya kutosha.

Tulipotamka "kipima unyonyaji", kicheko kilianza kabla hatujamaliza sentensi. Tulipofika mahali kijitabu kinapomwita mtoto "mnyonyaji", bibi mmoja aliyekuwa akichambua mchele alinyanyua kichwa akauliza, "Mwanangu, yaani mjukuu wangu ni bepari?"

Bibi huyo alituonyesha kosa ambalo kamusi haikutuonyesha. Kwa kanuni za uundaji wa maneno, mfasiri hakukosea. Kitenzi ni nyonya. Anyonyaye ni mnyonyaji. Kitendo chenyewe ni unyonyaji. Lakini neno hilo lina historia yake katika nchi hii. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, unyonyaji ni jina la dhuluma ya mtu kuishi kwa jasho la mwenzake. Lilifundishwa madarasani, likatamkwa katika mikutano ya hadhara, likachorewa picha za kupe aliyevimba, na pamoja nalo likaja neno mirija, ambayo kila kiongozi alitakiwa kuikata. Kizazi kizima kililisikia neno hili mara elfu kwa maana ya siasa kwa kila mara moja kililolisikia kwa maana ya mtoto na ziwa. Anayeandika leo hawezi kulirudisha kwa mtoto kwa kutaka tu.

Mtu aweza kutuuliza: mbona neno mirija lenyewe halikuwasumbua? Ni kweli. Kijitabu chasema mahali fulani kwamba "mirija ya maziwa huweza kuziba", na hakuna aliyecheka. Mama mmoja alieleza vizuri sana jinsi ziwa linavyojaa likawa gumu na kuuma. Twadhani sababu ni hii. Mrija ni kitu, na kitu huonekana ni kipi kwa mahali kilipo. Mnyonyaji ni mtu, tena ni mtu aliyekwisha kuhukumiwa. Ukimpa mtoto mchanga jina hilo, hukumu yaja nalo. Kwa hiyo hatusemi kwamba neno lenye maana mbili lisitumike kamwe katika istilahi. Lugha nzima ingebaki tupu. Twasema tu kwamba maana zote mbili hazina uzito mmoja, na ile nzito huivuta nyingine.

Wapo watakaopendekeza unyonyeshaji, kwa kuwa wahudumu wa afya wamekwisha kulizoea na Wiki ya Unyonyeshaji huadhimishwa kila mwaka mwanzoni mwa Agosti. Neno hilo ni zuri mahali pake. Lakini unyonyeshaji ni kazi ya mama, na kinachotafutwa hapa ni alichopata mtoto. Mama aweza kunyonyesha nusu saa na mtoto akawa amelala muda wote. Kiswahili kinatofautisha nyonya na nyonyesha kwa silabi chache tu, na tofauti hiyo ndiyo hasa kiini cha kifaa hiki; ni ajabu kuitupa.

Kwa maoni yetu jibu lilikuwa karibu sana hata halikuonekana. Kitenzi-jina, yaani kunyonya, ni jina kamili katika lugha yetu. Lina ngeli yake, upatanisho wake, na hakuna asiyelielewa. "Kunyonya kwake kumepungua," alisema mama mmoja juu ya mwanawe aliyekuwa na mafua, bila kufikiri kwamba alikuwa akitupa istilahi. Tumejizoeza kuamini kwamba jambo la kitaalamu sharti lianze na u- na kuishia na -ji, na kwamba kitenzi-jina ni cha mazungumzo ya jikoni. Imani hiyo haina msingi katika sarufi. Imetoka katika hamu yetu ya kutaka kila jina la kigeni lilingane na jina letu kwa umbo.

Jina la pili linalotumika ndani ya kijitabu ni "kipima maziwa", na hili lilitupa taabu kubwa zaidi kwa sababu halikuchekesha. Lilieleweka mara moja, lakini vibaya. Nyanda za Juu ni nchi ya ng'ombe wa maziwa. Njombe na Rungwe wafugaji hupeleka maziwa asubuhi kwenye vituo vya kukusanyia, na hapo hutumbukizwa chombo cha kioo kinachoelea, ambacho huonyesha kama maziwa yametiwa maji. Mama mmoja aliyewahi kuuza maziwa upande wa Njombe alisema kwamba kipima maziwa anakijua, kinawakamata wezi. Wenzake waliafiki. Baada ya hapo kila tulichosoma juu ya kifaa kilisikika kama uchunguzi wa ubora: je, maziwa ya mama huyu ni mazito au mepesi? Hofu ya kuwa na maziwa mepesi ni ya zamani, na imewafanya wengi kuacha kunyonyesha mapema. Kifaa hiki hakipimi wepesi wala uzito wa maziwa. Jina lake lisidai hivyo.

Tena kuna jambo ambalo kila mfasiri wa mambo ya afya angepaswa kulikumbuka kabla hajachovya kalamu. Maziwa ni kinywaji, na maziwa ni wingi wa ziwa. Sentensi ya kijitabu, "Pima maziwa yako kila baada ya saa 3," ilielezwa na mama mmoja kwamba ni agizo la kujipapasa kifua kutafuta uvimbe, kama walivyofundishwa katika kampeni ya saratani. Hakukosea, sentensi ndivyo isemavyo. Sisi hupendelea kuandika matiti pale inapokusudiwa sehemu ya mwili katika uchunguzi wa maradhi, ziwa pale mtoto anapohusika, na maziwa kwa kinywaji pekee. Hatudai kwamba kanuni hii inafuatwa kila mahali, lakini mwandishi akiifuata katika kitabu kimoja atajiokoa na maswali mengi.

Juu ya neno "inayovalika" hatutasema mengi. Kiambishi -ik- chaonyesha uwezekano: kinacholika chaweza kuliwa, kinachovalika chaweza kuvaliwa. Hakuna aliyeuliza kama chaweza. Kifaa cha kuvaa kingetosha, kama kweli kingevaliwa. Lakini tulipowaonyesha picha, jibu lilikuwa moja. "Hicho hakivaliwi, kinabandikwa," alisema yule bibi wa mchele, na akataja plasta ya kidonda. Kuhusu kile cha chuchu, mmoja alikiita kofia. Sisi tulikuwa tumekuja na neno ala, ambalo tulijivunia kidogo kwa kuwa ni la asili na lina maana ya kifuko cha kisu, tukaona chuchu nayo ina ala yake. Tulilitaja. Kijana mmoja aliyekuwa akirekebisha baiskeli karibu nasi akauliza kama ni ala za muziki. Tuliandika kofia.

"Sensa ya maziwa" nayo iondolewe. Sensa ni hesabu ya watu, na sensa ya mwaka 2022 ingali kichwani mwa kila kaya. Kuna mama aliyedhani kwamba Serikali inataka kujua idadi ya wanaonyonyesha. Neno kihisi limekwisha kutumika kwa vyombo vya namna hii, limetokana na kitenzi kinachoeleweka, na hatuoni sababu ya kuliacha.

Hadi hapa ni mambo ya majina, na mtu asiyeipenda kazi yetu aweza kusema kwamba jina ni jina tu, kifaa kitafanya kazi yake. Ukurasa wa 17 wa kijitabu ndio uliotufanya tuandike makala haya.

Ukurasa huo unaeleza ujumbe utakaoonekana kwenye simu ya mama. Mojawapo unasema: "Tahadhari. Upungufu wa maziwa. Kiwango chako kiko chini ya kawaida." Tuliusoma. Palikuwa na kimya kidogo, kisha mama mdogo kuliko wote, mwenye mtoto wa miezi 2, akauliza kwa sauti ya chini, "Hapo sasa ndiyo nianze uji?"

Tuligundua kwamba ndani ya maneno hayo machache mna makosa matatu, na hakuna hata moja ambalo kamusi ingelionyesha. "Upungufu wa maziwa" ni tamko juu ya mama, hali kifaa hakikupima mama. Kilipima kunyonya mara moja. "Kiwango chako" chamfanya yeye kuwa mshtakiwa. Na "kawaida" ni neno kali kuliko mfasiri alivyodhani, kwa maana katika Kiswahili kisicho cha kawaida huwa ni kigeni au kibaya. Taarifa ya asili, tulipoitazama, ilisema tu kwamba kiasi cha safari hiyo ni kidogo kuliko wastani wa safari zilizotangulia.

Watafiti wa Australia ya Magharibi walichapisha mwaka 2006 matokeo ya kupima watoto 71 wenye umri wa mwezi 1 hadi miezi 6, walionyonya maziwa ya mama pekee. Kwa muda wa saa 24 mtoto mmoja alipata gramu 478, mwingine 1,356, na wastani ulikuwa 788. Gramu moja ya maziwa ni karibu sawa na mililita moja. Kwa kunyonya mara moja, kiasi kiliweza kuwa sifuri, na kiliweza kufika gramu 240. Watoto hawa walikuwa wazima. Kwa hesabu hiyo, kila mmoja wa mama zao, siku moja au nyingine, angeletewa ujumbe wa "chini ya kawaida" alfajiri au jioni. Na maziwa, kama wauguzi wetu wanavyofundisha, hutengenezwa kwa kadiri yanavyonyonywa. Mama akiogopa akampa mtoto uji au maziwa ya kopo, mtoto atashiba, atanyonya kidogo, na maziwa yatapungua kweli. Ujumbe utakuwa umeleta jambo ambalo ulidai kulitangaza. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 64 katika kila 100 walio chini ya miezi 6 nchini Tanzania walikuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee, baada ya kazi ya miaka mingi ya wauguzi na watu wa lishe. Sisi watu wa lugha tusiwe ndio wa kuipunguza idadi hiyo kwa kiwakilishi kimoja.

Tulipendekeza maneno haya: "Mara hii mtoto amenyonya karibu mililita 40." Basi. Mtoto ndiye mtenda, kiasi kinatajwa, neno karibu laonyesha kwamba ni makisio, na "mara hii" lasema kwamba ipo mara nyingine. Tuliwasomea tena. Yule mama mdogo alisema, "Basi atanyonya tena."

Kusema kweli hatukuwa wa kwanza kuitafutia Kiswahili lugha ya vipimo vya watoto katika sehemu hizi, na yafaa kukumbusha. Mwaka 1983 ulianza katika Mkoa wa Iringa mpango wa lishe uliosaidiwa na WHO na UNICEF kwa fedha za Italia, ukaanzia katika vijiji 168. Kila miezi 3 ilikuwapo siku ya afya ya kijiji; watoto wa chini ya miaka 5 walipimwa uzito, na matokeo yalijadiliwa kijijini, si katika ofisi ya mkoa tu. Fikra za mpango ule zilikuja kutumiwa na UNICEF duniani kote. Istilahi zake zilikuwa rangi: kijani, kijivu, nyekundu, kama zilivyo katika kadi ya kliniki. Mmoja wa bibi wetu alisema juu ya mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima, "Huyu aliwahi kuingia kwenye nyekundu, akatoka." Angalia sentensi hiyo. Mtoto aliingia, na mtoto alitoka. Nyekundu ni mahali anapopita. Haikuwa sifa ya mama yake. Hakuna kamati ya istilahi iliyokaa kuiunda lugha hiyo, nayo imedumu miaka 40.

Kadhalika, namna ya kizamani ya kujua alichonyonya mtoto ni kumpima uzito kabla na baada ya kunyonya katika mizani ileile, bila kumbadilisha nguo. Akina mama wa Igawa waliielewa papo hapo, kwa kuwa walikwisha kuona malori yakipimwa Makambako: gari hupimwa likiwa na mzigo, na uzito wa gari tupu unajulikana. Waliiita kupima kabla-na-baada. Kijitabu kilikuwa na "upimaji-jaribio wa uzito", maneno ambayo hata sisi tulilazimika kuyarudia mara mbili.

Hatupendi isomeke kwamba tafsiri ile haikuwa na jema. Mfasiri alikataa kutumia mtoto njiti katika maandishi ya mafunzo, akaandika "mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake", na ingawa njiti limeenea mno hata hatutaweza kuling'oa, twaafiki kwamba mama aliyelala wodini na mtoto wa kilo moja hahitaji kuambiwa kwamba amezaa kijiti cha kiberiti. Na ni watoto hao hasa ambao kifaa hiki chaweza kuwafaa, kwa kuwa kwao mililita 10 ni jambo kubwa, na daktari hulazimika kuamua leo kama mtoto ataendelea kulishwa kwa mpira au la. Kwa mtoto mzima wa Igawa, aliyenona, anayekojoa vizuri na kulala, sijui, au tuseme hatujui, kifaa kitamwambia nini mama yake ambacho hajakijua. Lakini hilo si la ofisi yetu.

Tumekirudisha kijitabu na mapendekezo yafuatayo. Jina la jumla liwe kipimo cha kunyonya. Kifaa cha kubandika kwenye ziwa kiitwe kibandiko cha ziwa, na kinachopimwa nacho kiitwe maziwa yaliyotoka. Kile cha chuchu kiitwe kofia ya chuchu, na kinachopimwa nacho ni maziwa yaliyopita. Kihisi libaki kuwa jina la sehemu ile ndogo inayopokea habari. Mtoto asiitwe mnyonyaji mahali popote. Ujumbe wote wa simu uandikwe upya, mtoto akiwa ndiye mtenda, na "mara hii" lisiondolewe. Waliokituma wameyakubali yote isipokuwa hilo la mwisho, wakieleza kwamba nafasi kwenye kioo cha simu ni ndogo. Tumewajibu kwamba waondoe neno "tahadhari", nafasi itapatikana.

Limebaki moja ambalo hatukuliweza, nalo ni la kifaa kinachosikiliza. Kinahesabu kila mara mtoto anapomeza, na kila mmezo huo unahitaji jina, kwa sababu muuguzi ataulizwa ni mingapi. Mfasiri aliandika "matukio ya umezaji", tukayafuta. Wenzetu wa pwani watasema funda, na kihesabu mafunda ni jina fupi linalopendeza. Lakini Igawa funda halikujulikana ila kwa mama mmoja aliyewahi kuishi Tanga. Wengine wote walisema mtoto anagugumia, na mmoja alituigizia sauti yake kwa ulimi na koo, akatuambia tuiandike ile. Je, iwe funda, au mgugumio? Au lipo neno la tatu huko mliko, la Kiswahili au la lugha yoyote nyingine ya hapa kwetu, ambalo mama hulitumia usiku taa ikiwa imezimwa, anapomsikiliza mtoto kama bado anameza au amekwisha kulala? Wasomaji wanaolijua wanaombwa watuletee kabla ya toleo lijalo, pamoja na jina la mahali linapotumika.